Kikuubo: Kichochoro Kilichoingia Ndani ya Simu

Mgeni ashukaye katika Kituo cha Zamani cha Teksi, katikati ya mji wa Kampala, hahitaji kuuliza sana ili afike Kikuubo. Amtazame mchukuzi aliyejitwika katoni za sabuni hata shingo yake haionekani, amfuate nyuma, na njiani aushike vizuri mfuko wake. Baada ya hatua chache atajikuta baina ya majumba marefu yaliyosimama bega kwa bega, na chini ya majumba hayo njia nyembamba iliyojaa watu, magunia, mikokoteni na kelele. Hapo amefika.

Jina lenyewe laeleza mahali. Kwa lugha ya Kiganda, kikuubo ni kichochoro, yaani njia nyembamba ipitayo kati ya nyumba na nyumba. Upande mmoja iko Barabara ya Luwum, iitwayo kwa jina la Askofu Mkuu Janani Luwum aliyeuawa mwezi Februari 1977. Upande wa pili ziko sehemu za Nakivubo, pamoja na uwanja wa mpira na mfereji ule mkubwa ambao mvua ikizidi hufurika na kuwatia wenye maduka wasiwasi. Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, haliko mbali. Kwa macho ya mgeni, basi, Kikuubo ni kijia tu miongoni mwa vijia vingi vya mji. Kwa macho ya mfanyabiashara, hapo ndipo bei za nusu ya nchi huanzia.

Kikuubo ni ghala la wenye maduka madogo. Sukari, chumvi, mchele, mafuta ya kupikia, sabuni, viberiti, biskuti, madaftari ya shule, nepi za watoto, ndoo na sahani za plastiki: vitu vingi vikaavyo juu ya rafu za maduka ya vijijini hupita hapa kwanza. Baadhi hutoka katika viwanda vya Uganda yenyewe, kama vile sukari ya Kakira na ya Lugazi. Vingine vimevuka bahari kutoka China, India na Dubai, vikapakuliwa bandarini Mombasa, kisha vikapandishwa bara kwa malori mwendo wa kilomita zaidi ya 1,000. Wanunuzi nao hutoka mbali: Arua, Gulu, Mbale na Kabale, na hata ng'ambo ya mipaka, Juba na mashariki ya Kongo.

Kwa sababu hiyo Kiswahili hakikosi nafasi katika kichochoro hiki. Muuzaji na mnunuzi wakishindwana kwa lugha nyingine, hupatana bei kwa lugha hii ambayo askari wa nchi wameizoea kambini tangu zamani, na ambayo Baraza la Mawaziri liliamua mwezi Julai 2022 iwe lugha rasmi na ifundishwe shuleni.

Lakini liko jambo moja ambalo mgeni aliyekijua Kikuubo miaka ishirini iliyopita angelistaajabia. Kelele ni zilezile, msongamano ni uleule, mizigo ni ileile. Kilichopungua machoni ni noti. Mtu hununua katoni hamsini, hukunja karatasi yake na kwenda zake, wala hakuonekana kutoa hata shilingi moja mfukoni.

Fedha kibindoni

Ili kuyaelewa mabadiliko haya, hapana budi kukumbuka hali ilivyokuwa. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, ambao ndio waliokuwa wameishika sehemu kubwa ya biashara ya jumla. Miaka iliyofuata ilikuwa ya uhaba. Sukari, sabuni na chumvi zikawa vitu vya kupigiwa foleni, na neno magendo likawa la kila siku vinywani mwa watu. Hata baada ya biashara kutengemaa tena, tatizo moja lilibaki palepale: namna ya kuzifikisha fedha Kampala.

Mwenye duka wa Arua aliyetaka bidhaa hakuwa na njia ila kuja mwenyewe. Alizifunga noti zake kwa kitambaa, akazificha kiunoni, akapanda basi, akamwomba Mungu. Njiani aliwaogopa majambazi. Mjini aliwaogopa wachomoaji. Alipofika dukani alizihesabu noti moja moja mbele ya mwuzaji, naye mwuzaji akazihesabu tena. Duka lake la nyumbani lilifungwa siku mbili au tatu, na watoto wakalala kwa jirani.

Fedha zisipotosha, palikuwa na daftari. Kila mwuzaji wa jumla alikuwa na lake, lenye pembe zilizokunjamana na jalada lililoshika mafuta. Ndani yake yaliandikwa majina ya watu ambao mwuzaji aliwajua kwa sura, kwa vijiji vyao, na pengine kwa majina ya watoto wao. Mkopo haukutolewa kwa dhamana ya hati wala kwa mdhamini. Ulitolewa kwa uso. Aliyeshindwa kulipa alijua kwamba hatapita tena katika kichochoro kile bila kuinamisha kichwa.

Simu yaingia dukani

Kampuni ya Celtel ilianza huduma ya simu za mkononi nchini Uganda mwaka 1995, na MTN ikafuata mwaka 1998. Hapo mwanzo simu ilikuwa chombo cha wenye nacho. Polepole bei zilishuka, na mwuzaji wa Kikuubo akaanza kupokea maagizo kwa sauti, ingawa fedha ziliendelea kuja kwa basi.

Mwaka 2009 ulileta mambo mawili makubwa. Kwanza, nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zilifika pwani ya Kenya, na kutoka huko intaneti yenye nguvu ikapandishwa bara hadi Kampala, ikifuata kwa kadiri njia ileile ya malori ya bidhaa. Pili, mwezi Machi mwaka huohuo, MTN ilianzisha huduma ya kutuma fedha kwa simu, miaka miwili baada ya M-Pesa kuanzishwa nchini Kenya. Kampuni nyingine hazikukawia kufuata.

Utaratibu wake si mgumu. Mwananchi humpa wakala noti, naye wakala humhamishia kiasi hichohicho kutoka katika akiba ya simu yake. Noti zenyewe haziendi popote. Kampuni hulazimika kuweka benki fedha zinazolingana na hesabu zilizomo katika simu za wateja, na kinachosafiri kutoka Arua hadi Kampala ni tarakimu tu. Hata simu ndogo isiyo na intaneti yatosha: mteja wa MTN hubonyeza *165#, wa Airtel hubonyeza *185#, kisha hufuata maelekezo. Mwaka 2020 ilipatikana Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, iliyoziweka huduma hizi chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Uganda.

Leo vibanda vya mawakala, vya rangi ya manjano na nyekundu, vimejibanza kila pembe ya Kikuubo. Ukutani mwa maduka zimebandikwa namba za kulipia. Mwuzaji hutazama kioo cha simu kama vile baba yake alivyolitazama saduku la fedha.

Agizo kutoka kambini

Faida ya mambo haya haionekani vizuri Kampala, huonekana mbali. Mfano mzuri ni mke mmoja wa askari mwenye kijiduka cha vitu vidogo vidogo karibu na kambi ya kaskazini. Mumewe alipelekwa kazini Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kwenda mwezi Machi 2007. Zamani mke wa askari aliyekuwa mbali alisubiri barua, na fedha alizisubiri zaidi ya barua. Mama huyu hupata sehemu ya mshahara wa mumewe katika simu, na sehemu hiyo ndiyo mtaji wa duka lake.

Asubuhi moja katika kila majuma mawili hupiga simu Kikuubo kwa mzee mmoja ambaye amenunua kwake tangu alipoanza biashara.

"Mzee, shikamoo. Nataka sukari mfuko mmoja, sabuni ya miche katoni mbili, na yale madaftari ya kurasa tisini na sita."

"Marahaba, mama. Sukari imepanda tangu juzi. Nikutumie picha ya ile nyingine, ya bei nafuu?"

"Usinitumie picha, mzee. Nitumie ile ninayoijua."

Mzee hucheka, huandika, na kazi huanza. Mama hutuma fedha kwa simu. Mchukuzi hujitwika mzigo mpaka kituo cha mabasi. Kondakta huandika jina na namba ya simu juu ya katoni kwa kalamu ya wino mzito. Basi huondoka jioni, na kabla jua halijawa kali siku ya pili, mtoto mkubwa wa yule mama yuko stendi na toroli. Mama hakulipa nauli, hakulifunga duka, wala hakuwaacha watoto kwa jirani. Akijumlisha mwisho wa mwaka, zile nauli alizoziokoa zinanunua sare za shule.

Hata hivyo, simu haibebi gunia. Fedha zimepata mabawa, lakini sukari bado husafiri juu ya mgongo wa mtu. Mchukuzi wa Kikuubo hupita katika njia ileile nyembamba aliyopita mchukuzi wa zamani, akipaza sauti kuomba nafasi, jasho likimtiririka. Kila agizo linaloingia katika simu kwa sekunde moja ni lazima litoke dukani kwa miguu yake.

Wengine simu imewabadilisha kabisa. Madalali, ambao wenyeji huwaita bakayungirizi, zamani kazi yao ilikuwa kumshika mgeni mkono na kumwongoza kwenye duka lenye bidhaa aitakayo. Sasa kijana wa kazi hiyo husimama mlangoni na simu yake, huipiga picha shehena mpya, huisifu kwa maneno matamu, na kuituma kwa mamia ya watu kwa WhatsApp au TikTok. Hana duka, hana ghala, ana kioo cha kiganjani tu. Kazi ya kutangaza bei, ambayo zamani ilikuwa ya redio na magazeti, imemwangukia yeye.

Jambo hili lina uzuri wake, kwa kuwa mwenye duka wa mbali hulinganisha bei kabla ya kununua. Lina ubaya wake pia. Taarifa kwamba sukari itapanda kesho hufika Mbarara kabla ya chakula cha mchana, iwe ya kweli au ya uongo. Watu hukimbilia kununua, na kwa kukimbilia huko bei hupanda kweli. Uvumi hauhitaji tikiti ya basi.

Mtandao unapozimika

Wananchi wengi waliutambua uzito wa chombo hiki siku kilipokatika. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi mkuu, Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliagiza mitandao ya kijamii na huduma za fedha kwa simu zifungwe. Serikali ilieleza kwamba ilifanya hivyo kwa ajili ya usalama. Huduma zilirudi siku chache baadaye, lakini aliyekuwa na mtaji wake wote ndani ya simu alikuwa amekwisha jifunza kwamba mtu aweza kuwa na fedha na asiweze kununua chumvi. Mwezi Januari 2021, wakati wa uchaguzi uliofuata, intaneti ilizimwa nchini kote kuanzia tarehe 13 hadi tarehe 18.

Kati ya chaguzi hizo mbili zilikuja kodi. Tarehe 1 Julai 2018 kila atumiaye mitandao ya kijamii alitakiwa kulipa shilingi 200 kwa siku, na fedha za simu zikawekewa kodi ya asilimia 1. Malalamiko yalikuwa makubwa. Kabla ya mwaka ule kwisha, kodi ya fedha za simu ilipunguzwa kuwa asilimia 0.5, nayo ikabaki kwa mtu anayetoa fedha tu. Ile ya shilingi 200 iliondolewa mwaka 2021, na mahali pake pakawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya bei ya data ya intaneti. Kwa mwuzaji wa katoni moja ya biskuti, ambaye faida yake huhesabiwa kwa shilingi mia mia, haya hayakuwa mambo ya vitabuni. Yalimgusa mezani.

Halafu ukaja ugonjwa wa korona. Mwezi Machi 2020 magari ya abiria yalisimamishwa, na bodaboda zikaruhusiwa kubeba mizigo lakini si watu. Katika majuma yale, hata wazee waliokuwa wakiikwepa simu walijifunza kuagiza kwa simu, kwa maana hapakuwa na njia nyingine ya kukipata cha kupika.

Daftari la macho mengi

Daftari la mzee wa Kikuubo lilisomwa na mzee peke yake. Hali hiyo imebadilika. Tangu tarehe 1 Januari 2021, wafanyabiashara waliosajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani wanatakiwa kutoa risiti za kielektroniki, kwa utaratibu wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda uitwao EFRIS. Mauzo yakiandikwa katika simu, katika kompyuta au katika mashine maalumu, taarifa zake hufika kwa Mamlaka papo hapo, na risiti hutoka ikiwa na alama za kuithibitisha. Kodi yenyewe ni asilimia 18.

Mwezi Aprili 2024 maduka mengi ya katikati ya Kampala yalifungwa milango kwa mgomo, na Kikuubo kikawa kimya mchana kama usiku. Wafanyabiashara walidai kwamba hawakufundishwa vya kutosha, kwamba adhabu zilikuwa kali, na baadhi yao walitaka kodi hiyo itozwe mapema, bidhaa zitokapo kiwandani au ziingiapo nchini, ili mwuzaji wa kichochoroni asibebeshwe hesabu zote. Mamlaka kwa upande wake ilishikilia kwamba utaratibu huu haukuleta kodi mpya, ila ulidhihirisha ile iliyokuwa ikipaswa kulipwa siku zote.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mtu wa Kikuubo asiyeijua methali hiyo. Ugomvi wa mwaka 2024 haukuwa juu ya kuandika au kutoandika. Ulikuwa juu ya nani alisome daftari, na kwa wakati gani. Barabara, hospitali, shule na mishahara ya askari hutokana na kodi. Lakini mlipa kodi naye hulipa kwa moyo mweupe zaidi akiielewa hesabu anayotozwa. Chombo cha kielektroniki huandika upesi. Kueleweshana bado ni kazi ya watu.

Mwizi naye ana simu

Yule jambazi aliyekuwa akiviziwa na polisi njiani hakutoweka, amebadilisha silaha. Jambo lililompata yule mama wa kambini limewapata wengi, nalo lafaa lielezwe kwa ajili ya familia nyingine.

Alasiri moja alipigiwa simu na kijana mwenye sauti ya haraka. "Mama, mzee amebadilisha namba. Tuma huku. Mzigo wako uko garini tayari, na gari linaondoka." Nyuma ya sauti ile zilisikika kelele zilezile za Kikuubo. Mama alikuwa na uji jikoni na wateja mlangoni. Akabonyeza namba. Kabla ya kuthibitisha, simu ilimwonyesha jina la mpokeaji, jina asilolijua kabisa. Aliliona. Lakini gari lilikuwa likiondoka. Akathibitisha shilingi 480,000.

Jioni alipompigia mzee kwa namba ya zamani, mzee hakuwa na habari ya mzigo wala ya namba mpya. Mama alikwenda kituo cha polisi, akaitaarifu na kampuni ya simu, lakini fedha zilikuwa zimekwisha tolewa kwa wakala wa mji mwingine. Ndani ya fedha zile mlikuwa na mtaji wote wa mwezi na karo ya mtoto mmoja. Siku tatu alifungua duka lenye rafu tupu, akiwaambia majirani kwamba mzigo umechelewa. Kwa mumewe hakuthubutu kusema neno.

Siku ya nne mzee wa Kikuubo alimpigia mwenyewe. Alikuwa amelifungua lile daftari la zamani, ambalo kwa miaka kadhaa lilikuwa likikaa chini ya kaunta bila kazi nyingi.

"Mama, nimeandika jina lako hapa. Nakutumia nusu ya mzigo wa kawaida. Utalipa kidogo kidogo."

"Mzee, utaniaminije, na hali unajua nimeibiwa?"

"Mara ya kwanza ulipofika hapa ulikuwa na mtoto mgongoni. Yule mtoto sasa yuko darasa la ngapi?"

"La tano, mzee."

"Basi. Nakujua."

Deni lile lililipwa kwa miezi mitatu, kwa simu, na kila malipo yalipofika mzee alipiga mstari kwa kalamu. Mama alipata nguvu ya kumweleza mumewe baada ya kulipa sehemu ya kwanza. Askari alinyamaza kwa muda mrefu, hata mkewe akadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza kama watoto wamekula.

Katika mkasa huo hapakuwa na mtambo ulioharibika. Simu ilifanya kazi yake sawasawa: ilizifikisha fedha upesi pale zilipoagizwa kwenda, na hata ikaonya kwa kuonyesha jina geni. Kilichomwangusha mama ni haraka, na kilichomwinua ni kujulikana. Simu imechukua nafasi ya kibindo. Nafasi ya uso haijaichukua.

Kwa familia zinazotumia fedha za simu, yako mambo machache yafaayo kuwa desturi ya nyumbani. Jina la mpokeaji lisomwe kwa sauti kabla ya kuthibitisha, na likiwa geni, kazi isimame hapohapo. Mtu akisema namba imebadilika, apigiwe mwenyewe kwa namba ya zamani. Namba ya siri asiambiwe mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni, maana mfanyakazi wa kweli haihitaji. Ujumbe unaosema kwamba fedha zimeingia kwa makosa na zirudishwe usiaminiwe mpaka salio lenyewe litazamwe. Noti chache ziwekwe nyumbani kwa ajili ya siku mtandao utakapokatika. Na akiibiwa mtu, asikae na aibu yake siku tatu; atoe taarifa kwa kampuni na kituo cha polisi saa ileile, kabla fedha hazijatolewa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ipo tangu mwaka 2011, lakini sheria haiwezi kumkimbilia mwizi ambaye hakutajwa.

Zaidi ya hayo, mume aliye kazini mbali na mke aliye nyumbani wawe na daftari moja la hesabu, hata kama kila mmoja ana nakala yake. Kiasi kilichotumwa, siku yake na kazi yake viandikwe. Magomvi mengi ya nyumba huanza na swali dogo la fedha lililokosa jibu la maandishi.

Giza linapoanza kuingia, Kikuubo hujikunja. Milango ya chuma huteremshwa kwa kishindo, mmoja baada ya mwingine, na watu humiminika kuelekea kwenye teksi. Ndani ya duka lake mzee hufanya hesabu za aina tatu: noti zilizomo katika saduku, tarakimu zilizomo katika simu, na majina yaliyomo katika daftari. Za kwanza huzihesabu kwa vidole, za pili huzisoma kwa miwani. Za tatu huzijua kwa moyo, lakini huzitazama vilevile.

Mlangoni mchukuzi husubiri ujira wake wa siku. Mzee humwuliza kama atumiwe kwa simu. Mchukuzi hutikisa kichwa na kunyosha mkono. Simu yake imekwisha chaji tangu adhuhuri, na nyumbani wanangoja unga.